Mpishi Aliyenifundisha Kukosea Padogo

Shule yetu ya msingi ilikuwa na mwalimu mkuu, walimu saba na mpishi. Mgeni angetuuliza sisi wanafunzi nani mkubwa wa pale, tungemwonyesha jikoni.

Yeye ndiye aliyejua nani amekuja hajala tangu jana. Hakuuliza. Alitazama namna mtoto anavyoishika sahani. Sahani ikitetemeka, mwiko ulirudi mara ya pili, na mtoto aliondoka bila kujua kwamba ameonekana. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni siku zote, kwa kuwa niliona haya kusukumana na wenzangu. Nilifika mbele ya sufuria wakati mwiko umeshaanza kugonga chini, naye kila siku alisema maneno yale yale.

"Kimya, wa mwisho hula ukoko."

Kisha alikwangua ukoko wa mahindi na maharagwe, ulioshika moshi, akaniwekea. Mwaka mzima nilidhani ni adhabu. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba ukoko ndicho chakula chake mwenyewe, na kwamba alikuwa akinikatia nusu.

Jina la Kimya alinipa yeye. Mimi nilimwita Mama Mpishi, kama watu wote wa kijiji chetu. Kijiji hicho kiko ndani, ukipanda kutoka Msambweni ukaiacha minazi nyuma mpaka miti yote ikawa ya miiba. Nyumba yake inapakana na shamba letu, kwa hivyo nilimjua jikoni kwake na uani kwake pia, na sehemu zote mbili alikuwa mtu yule yule: mfupi, mwenye mikono minene yenye alama za moto, leso moja kichwani na nyingine kiunoni.

Leso zile hazikufanana hata siku moja. Leso huuzwa mbili mbili za rangi moja, lakini yeye alizikata, moja akaifua kwa sabuni ya kipande, nyingine kwa sabuni ya unga, aone ipi itachujuka kwanza. Akishajua, anavaa ile iliyochujuka na ile ambayo haijachujuka pamoja, na hakuna wa kumcheka mbele yake. Champali zake pia zilikuwa hivyo. Ya kushoto aliinunua duka la juu, ya kulia duka la chini, akatembea nazo miezi sita kabla ya kuamua duka lipi atanunua champali maisha yake yote. Aliwalazimisha wenye maduka wote wawili wamuuzie ya mguu mmoja. Sijui aliwaambia nini.

Likija gunia jipya la maharagwe shuleni, hakulimimina. Alichota konzi moja, akaipika peke yake kwenye kopo, akalisimamia kopo lile kama anayechunga mtoto mgonjwa. Siku moja mwalimu mkuu alikuja akiwa amekasirika kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekaribia na sufuria bado tupu.

"Mama, watoto wana njaa, nawe unachezea kopo."

"Mwalimu, kopo likikataa kuiva nimepoteza konzi. Sufuria likikataa kuiva umepoteza shule nzima. Chagua."

Maharagwe yale yalikataa. Yalikuwa makavu ya miaka, yangechemka mpaka jioni na kubaki mawe. Siku ile tulikula uji mzito, na gunia lile lilipikwa baadaye, baada ya kulowekwa siku mbili. Tangu hapo mwalimu mkuu aliliheshimu kopo.

"Kosea padogo," Mama Mpishi alikuwa akituambia. "Padogo panasameheka."

Alilisema neno hilo kwa msichana aliyetaka kushona sare yake mwenyewe, kwa mwalimu mgeni aliyetaka kuchapa darasa zima kwa kosa la mmoja, na kwa mbuzi wake pia.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkarimu wa chakula lakini mchoyo wa kiberiti. Njiti ilikuwa moja kwa siku, na moto ukizimika alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Alituhubiria subira, na yeye mwenyewe aliupuliza moto kama anayegombana nao. Hakupenda kushukuriwa. Ukisema ahsante, alijibu, "Shukrani peleka kwa Mungu, sahani peleka kwenye karai." Na ingawa alikuja kuolewa huku kwetu kwa wafugaji, hakunywa maziwa, na aliwaogopa ng'ombe waziwazi. Yeye ni mtu wa Munje, kwa wavuvi. Kila mwezi ndugu yake alimletea ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, na siku ng'onda inapofika kijiji chote kilijua kwa pua.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji ni mdogo wa marehemu mumewe, na utani wao ulikuwa haukomi.

"Shemeji," mwenyekiti alikuwa akimwambia, "miaka yote hii, bado unamkimbia ng'ombe?"

"Mnyama mwenye macho pembeni, nitajuaje kama ananitazama mimi au anatazama njia?"

"Na samaki je? Macho yake yako wapi?"

"Samaki nikimkuta keshakufa."

Jambo moja alilolichukia kuliko yote ni uongo. Mtoto aliyerudi kwenye foleni mara ya pili na kusema hajala, alipewa chakula, kisha akaambiwa kwa sauti ya chini, "Kesho sema una njaa. Mwenye njaa simnyimi. Mwongo ndiye ananichosha." Nilimwona mvulana mkubwa akilia kwa maneno hayo, naye hakulia alipochapwa.

Kwenye msumari wa ukuta wa jikoni palitundikwa mfuko mtupu wa nguo nzito, wa kijivu, mdomo umefungwa kwa kamba ingawa hamna kitu ndani. Mwalimu mmoja aliwahi kuutungua ili atilie makaa. Mama Mpishi alimnyang'anya.

"Huo uacheni. Una kazi yake."

Hatukuona hata siku moja ukifanya kazi yoyote.

Nilimaliza darasa la nane nikabaki nyumbani. Baba alikuwa ameshafariki, na mguu mmoja wa mama ulikuwa mbovu, kwa hivyo ng'ombe na shamba vikawa vyangu kuviangalia. Ng'ombe walikuwa watano. Ukame ukatuachia wawili, ng'ombe mkubwa na mtamba wake mwenye mimba changa. Nyuma ya nyumba tulikuwa na ekari mbili za malisho ambazo hazikuwa malisho tena. Ardhi ilikuwa imepigwa na jua mpaka ikawa tambarare, ngumu na nyeupe kama sahani, na nilikata majani ya miti mbali kila siku ili wanyama wasife.

Mjomba wangu anakaa upande wa Taru. Alituma neno kwamba baada ya masika, kama hatuna nyasi, atakuja na kamba awachukue wote wawili akawafuge kwake. Alisema kwa wema, na mama akajibu kwa wema. Lakini sote tulijua. Ng'ombe akienda kwa mjomba, huzaa huko, na ndama wake huwa wa huko. Tangu neno lile lilipofika, mama aliacha kuimba akikamua.

Msimu huo huo kikundi kilipata mbegu za nyasi, mfuko mmoja kwa kila nyumba na hakuna wa pili. Mbegu zenyewe zilikuwa za manyoya, nyepesi kama vumbi linalojikusanya chini ya kitanda. Ukifungua kiganja penye upepo, huna kitu. Afisa aliyezileta alieleza upesi upesi namna ya kupanda, maneno mengi yakiwa ya Kiingereza, akapanda pikipiki yake. Nilitaka kumwuliza arudie. Sikuthubutu.

Baada ya yeye kuondoka, mwenyekiti alisimama.

"Mbegu ni mbegu," alisema. "Chimba shimo, tia tatu, fukia. Kama mahindi. Mikono yenu inajua."

Mzee mmoja akapinga. "Nyasi alipanda nani? Rusheni tu. Mungu anajua pa kuziweka."

Watu wakagawanyika, wa mashimo na wa kurusha. Mimi nilirudi na mfuko wangu nikakaa nao siku mbili. Nikikosea, mjomba anakuja. Siku ya tatu nikaupeleka jikoni shuleni.

Nilipoufungua, Mama Mpishi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kabla haujagusa mbegu.

"Wamesema mpande vipi?"

"Mwenyekiti anasema mashimo. Kama mahindi."

Nilimwona akiutazama ule mfuko wa msumarini.

"Toa konzi moja," akasema. "Moja tu. Zilizobaki zifunge, na kama mtu akikuharakisha, uketie mfuko."

Tulitengeneza viraka vitatu kwenye pembe ya shamba letu iliyo karibu na ua wake, kila kimoja ukubwa wa mkeka. Cha kwanza tulichimba mashimo, mbegu tatu tatu, tukafukia. Cha pili tulirusha mbegu juu ya ardhi ile ile kavu, tukaondoka. Cha tatu nilikikwaruza kwa ncha ya jembe, mikwaruzo isiyozidi ukucha kwa kina, tukatia mbegu, tukaburura juu yake tawi la miiba ili udongo kidogo uzifunike.

Kabla ya kurusha, alizichanganya mbegu na mchanga mkavu.

"Chumvi ya shule nzima huwezi kuitia kwa konzi," alisema. "Mmoja atakula bahari, mwingine atakula majani. Unaikoroga kwanza kwenye maji. Hii nayo tuikoroge kwenye mchanga, ili mkono ujue unachotupa."

Mvua ilikuwa haijaja, kwa hivyo tukawa mvua sisi. Nilitoboa kopo matundu chini, na kila alfajiri na kila jioni nilinyunyiza maji ya bwawa juu ya viraka vyote vitatu, makopo sawasawa. Mama alikuwa akinitazama nikipita na mtungi kichwani, akitikisa kichwa.

Siku ya pili mbuzi wake alikata kamba. Mbuzi huyo ni mmoja tu, jike, mwenye kiburi. Tulimkuta amekatiza kiraka cha pili na cha tatu, akarudi, akazunguka, akaacha kwato zake kila mahali.

"Wewe," Mama Mpishi akamwambia, "utaingia kwenye biriani ukiwa bado unashangaa."

Nikauliza kama nianze upya.

"Maji yameshaingia. Acha. Hilo nalo tumelijaribu."

Siku ya sita mbingu zikanguruma upande wa bahari, na jioni ikanyesha mvua ya kwanza, fupi lakini nzito. Asubuhi yake kijiji chote kilikuwa mashambani na majembe. Walipita mbele ya nyumba yetu wawili wawili.

"Kimya, unamngoja nani?"

"Anangoja sufuria liive."

Mama hakuwa mtu wa kunisukuma, lakini asubuhi ile aliweka mkono mlangoni akasema, "Mwanangu, mvua haingoji kopo la mpishi." Nilimwona amechoka. Niliuketia mfuko wangu, kama nilivyoambiwa, ingawa nilifikiri huenda ni kweli.

Siku ya tisa Mama Mpishi alikuja kabla ya kwenda kuwasha moto wa shule. Alipiga magoti kwenye udongo, akaanza kusoma kwa kidole.

Kiraka cha mashimo hakikuwa na kitu. Alifukua shimo moja, akanionyesha mbegu zilizogeuka uji mweusi. Akakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kidole bado kiko ndani ya shimo.

Kiraka cha kurusha kilikuwa kitupu pia. Sisimizi walikuwa wamebeba, upepo umebeba. Isipokuwa kwenye alama za kwato. Ndani ya kila alama, kama chai ndani ya kikombe, palikuwa na kishungi cha kijani. Ungeweza kumfuata mbuzi yule hatua kwa hatua, alikoingia, alikogeuka, alikotokea.

Kiraka cha tatu kilikuwa na mistari myembamba ya kijani kwenye mikwaruzo, na pale kwato zilipokanyaga mikwaruzo, mistari ilikuwa minene.

Mama Mpishi akacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake yote.

"Mbuzi wangu ana akili kuliko kikundi kizima," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Zinataka kushikwa, Kimya. Hazitaki kuzikwa."

Basi tukajua: kukwaruza, kurusha na mchanga, kisha kukanyagisha. Lakini ekari mbili hazikanyagwi na mbuzi mmoja, na sisi hatukuwa na mbuzi.

"Nenda ukaombe," akasema.

"Twende pamoja, Mama Mpishi. Wewe ndiye utasema."

"Nikiomba mimi, watakuwa wamenipa mimi. Mwakani utamtuma nani?"

Mwenye mbuzi wengi ni mwenyekiti. Nilimkuta uani kwake na wanaume wanne, wametoka kupanda mashimo yao, wanakunywa chai. Nikapiga magoti nikaamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mamako hajambo?"

"Hajambo."

Akangoja. Wote wakangoja. Nilihesabu nyufa za ukuta.

"Naomba mbuzi," nikasema.

"Wa kuchinja?"

"Wa kutembea."

Mmoja wao alimwaga chai. Mwenyekiti akaweka kikombe chini.

"Watembee wapi, binti?"

"Juu ya mbegu zangu."

Alicheka mpaka akavua kofia. Lakini nilibaki pale pale, magoti yangu chini, kwa kuwa sikujua njia nyingine ya kuomba ila kutoondoka. Alipomaliza, alirudisha kofia kichwani.

"Nitawaleta mwenyewe," akasema. "Jambo kama hili sitaki kusimuliwa."

Siku tatu nilikwaruza ardhi. Watoto wa majirani waliburura matawi. Jumamosi asubuhi, shule imefungwa, Mama Mpishi alikuja na sharti moja: mbuzi wote wanywe maji na wale majani nje ya ua kwanza, mpaka waache wenyewe.

"Mbuzi mwenye njaa ni mdomo," alisema. "Aliyeshiba ni miguu."

Nilirusha mbegu, mfuko mzima, na mchanga wake. Konzi za kwanza nilizirusha kwa hofu, kisha mkono ukazoea. Nje ya uzio wa miiba walikuwa wamejaa watu.

"Leo mbuzi wanapanda. Kesho kuku watalima."

"Na Jumatatu jogoo atafundisha shule."

Mbuzi wakaingia, mwenyekiti mbele akiwaita, Mama Mpishi nyuma akipiga makofi, na mimi pembeni nikiwazuia wasitoke. Tukawapitisha kwenda na kurudi, pembe hadi pembe, mara mbili. Walikuwa wameshiba kweli. Hawakuinamisha vichwa. Walipotoka, shamba zima lilikuwa na matundu madogo madogo, kama mkate uliochomwa kwa uma, na watu wakaenda zao wakiwa na la kuzungumza mpaka magharibi.

Siku mbili baadaye ikanyesha mchana kutwa, mvua ya taratibu, isiyobeba udongo. Kila tundu la kwato lilishika maji yake.

Sitaki kusema mengi kuhusu wiki zilizofuata, kwa kuwa nyasi hazina kelele. Kwanza palikuwa na kijani ambacho ungekiona ukiinama tu. Kisha ungekiona ukisimama. Kisha mama, ambaye hatembei mbali, alikiona akiwa mlangoni, akarudi ndani, na nikamsikia akisogeza vyombo bila sababu. Nyasi zikafika kifundoni, zikafika gotini. Katika mashamba ya mashimo hapakuota kitu. Waliorusha walipata vishungi hapa na pale, zaidi kwenye njia walizopita watu. Lakini kwetu zilisimama zote pamoja, na zilipotoa vichwa vyake vya manyoya, upepo ukipita, ekari mbili nzima zililala na kuamka kwa pamoja.

Mjomba alikuja na kamba mbili mpya. Mama alimpokea, akampa maji, kisha akamshika mkono, akachechemea naye mpaka nyuma ya nyumba. Mjomba alisimama pale. Nyasi zilimfika kiunoni. Alizipitisha vidoleni, akavunja kichwa kimoja, akakinusa.

"Kamba hizi," akasema hatimaye, "nadhani zitafaa kufungia kuni."

Alilala kwetu usiku mmoja, akanywa maziwa, na kulipokucha akaondoka akiwa ameniomba mbegu. Asubuhi ile mama alikamua akiimba, na alikuwa amesahau nusu ya maneno.

Mbegu zilipokomaa, mwenyekiti alileta kikundi kizima kuzikusanya na kuona. Walinitaka nieleze. Nilisema maneno machache, mikwaruzo, mchanga, kwato, na nikaona kwamba watu hawacheki, wanasikiliza. Nikamwonyesha Mama Mpishi kwa mkono ili wajue maarifa hayo yalikotoka. Alikuwa amesimama mbali kidogo, kwa kuwa ng'ombe wetu alikuwa karibu na uzio.

Nilidhani atasema niende na shukrani zangu kwa Mungu. Badala yake alijifunga leso vizuri, akaja mbele, akampita hata ng'ombe.

"Shemeji, unakumbuka mfuko wa mbegu aliopewa ndugu yako?"

"Zile mbegu mbovu? Nakumbuka."

"Hazikuwa mbovu."

Akavuta leso ya kiunoni, akaendelea.

"Alikuwa kitandani, akanipa mimi nipande. Nilichimba mashimo siku tatu, mfuko mzima, tatu tatu, kama mahindi. Halikuota jani. Aliponiuliza, nikasema mbegu ni mbovu. Akakuambia wewe, wewe ukawaambia wote, naye akafa akiamini. Hazikuwa mbovu. Nilizizika mimi."

Hapo ndipo nilipoujua mfuko wa msumarini.

Mwenyekiti alikuwa ameshika konzi ya mbegu mpya. "Mara tatu walituletea mbegu baada ya pale," akasema polepole. "Mara tatu tukazikataa."

"Najua. Nilikuwepo. Ndimi niliyewapikia chai."

Hakuna aliyemtazama. Kila mmoja alikuwa akitazama nyasi. Mwenyekiti alikohoa.

"Na mimi masika haya," akasema, "nimechimba mashimo ekari nzima, na nimewachimbisha nusu ya kijiji. Kwa hivyo, shemeji, wazishi tuko wengi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine.

"Padogo panasameheka," akasema mama yangu kutoka kwenye kiti chake.

"Hapakuwa padogo," Mama Mpishi akajibu, na sauti yake haikuwa ile ya jikoni.

"Basi leo tutasamehe pakubwa," mwenyekiti akasema, akafungua konzi yake ndani ya gunia. "Haya, kazi. Jua linapanda."

Jioni nilimjazia mfuko wake. Alikuwa amekuja nao chini ya leso.

Mwaka huo kabla ya vuli nilikwenda shuleni kumpa habari kwamba mtamba amezaa. Ilikuwa saa ya chakula. Nilitazama mahali foleni ilipokuwa siku zote, sikuona mtu. Foleni ilikuwa nyuma ya madarasa, kwenye uwanja ule mkavu usioota kitu tangu nilipokuwa darasa la kwanza. Alikuwa amelisukuma sufuria mpaka huko, akafunga kamba kwenye vijiti, na watoto walikuwa wakiifuata kamba kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, sahani mikononi, miguu mitupu, kwenye kipande kisichozidi upana wa darasa.

"Kanyageni," alikuwa akiwaambia. "Msiruke. Anayeruka anarudi mwanzo."

Nikamwamkia.

"Marahaba. Kimekuleta nini?"

"Mtamba amezaa. Jike."

"Alhamdulillahi." Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria, lakini mwiko ulisimama kidogo. "Na maziwa msiniletee."

"Mbona foleni iko huku?"

"Mwalimu mkuu amekataa mbuzi. Anasema wataingia darasani."

Ardhi ilikuwa imekwaruzwa, na kati ya vidole vya watoto niliona mchanga na manyoya ya mbegu. Nikauliza kama ameutumia mfuko wote.

Alinitazama kama nimemtukana. "Konzi moja," akasema. Kisha akanyoosha mwiko kuelekea mwisho wa foleni. "Wewe una miguu mizuri hapo, umesimama nayo bure. Nenda kakanyage."

Nilivua champali nikaenda nyuma. Mbele yangu alikuwa msichana mdogo aliyekuwa akiwaacha wengine wapite, na kila aliyempita alimwongezea zamu. Nilisimama nyuma yake ili asiwe wa mwisho. Tulikanyaga taratibu, kwenda na kurudi, udongo ukiwa na moto wa jua, mpaka yeye akapewa chakula chake, na nikafika mimi mbele ya sufuria, na mwiko ukagonga chini.

"Kimya," akasema, "wa mwisho hula ukoko."

Akakwangua, akaniwekea. Nilibaki pale pale na sahani yangu.

"Ongeza, Mama Mpishi," nikasema, na sauti yangu ikasikika mpaka darasani. "Bado nina njaa."

Watoto wakageuka. Yeye akanitazama, akayaonyesha meno yake yote, na mwiko ukarudi mara ya pili.